Maswali yenu: Kappa na wenzake wa majini Japani

Safu iliyopita ilihusu ngano za Japani, na kappa nilimpitia kwa sentensi mbili tu. Hamkuridhika, na mlikuwa na haki. Haya hapa baadhi ya maswali mliyoniletea.

Shikamoo. Niko kidato cha tatu, Tanga. Kappa ni jini au mnyama? Na matango anayapendea nini?

Marahaba, mwanangu. Wajapani humweka katika kundi la viumbe wanaowaita yokai, ambao si miungu kamili wala si wanyama. Jina lake limetokana na maneno yao ya mto na mtoto. Kimo chake ni cha mtoto kweli; mgongoni ana gamba la kobe, vidole vyake vina utando kama wa bata, na utosini ana kisahani chenye maji. Nguvu zake zote zimo katika maji hayo. Ukikutana naye, mwinamishie kichwa kwa heshima. Naye ana adabu za Kijapani, hawezi kuacha kukujibu; akiinama maji yanamwagika, analegea.

Anapenda mieleka ya sumo, huvuta farasi walioshushwa mtoni kunywa, na huzamisha watoto. Ngano husema huwachomoa watu kijitufe kilichomo kwenye njia ya haja kubwa. Usicheke. Maiti ya mtu aliyekufa maji hulegea sehemu hiyo, na wazee walioopoa miili hiyo walihitaji maelezo.

Kuhusu tango: ni zao la kiangazi, msimu ambao watoto huogelea, na lilitolewa sadaka kwa Suijin, mungu wa maji. Yanagita Kunio, baba wa taaluma ya ngano Japani, alimwona kappa kuwa mungu wa maji aliyeshushwa cheo. Basi sadaka ya mungu ikabaki kuwa chakula cha kappa. Hata leo sushi ya tango huitwa kappamaki.

Huku kwetu pwani tunaye chunusi, anayevuta waogeleaji chini, kwa hiyo hofu yenyewe si ngeni kwako. Mimi namwona kappa kama uzio uliojengwa kwa maneno. Mama aliye shambani kwenye mpunga hawezi kusimama ukingoni mwa mto kutwa, basi alimweka kappa asimame badala yake. Kazi hiyo hajaiacha: picha yake ipo kwenye mabango mengi ya Japani yanayokataza watoto kuogelea penye maji ya hatari.

Binti yangu anasoma Japani. Akitaka kuona kappa anavyokumbukwa, aende wapi? (Mama msomaji, Mombasa)

Mwambie aende Tono, mkoa wa Iwate, kaskazini. Mwaka 1910 Yanagita alichapisha ngano 119 za eneo hilo, alizosimuliwa na Sasaki Kizen, mwenyeji wa huko. Nyuma ya hekalu la Jokenji kuna kijito kiitwacho Kappabuchi. Atakuta fimbo ya kuvulia imening'inizwa tango badala ya chambo, na chama cha utalii cha hapo huuza kibali cha kumkamata kappa. Ukingoni kuna kihekalu kidogo ambako akina mama waliomba maziwa yatoke ya kutosha kunyonyesha.

Lakini asiishie kwenye picha za kumbukumbu, mama. Kappa wa Tono ana uso mwekundu, wakati kwingine ni wa kijani, na miongoni mwa ngano zile zimo za watoto waliozaliwa na sura ya kappa wakauawa. Eneo hilo lilipigwa na njaa kali miaka ya 1780 na 1830. Wapo wanaosoma humo kumbukumbu ya vichanga ambavyo wazazi wao hawakuweza kuvilisha. Mimi nakubaliana nao, na tangu nilipolijua hilo sikumwona tena kappa kuwa kikaragosi.

Wakati wa korona niliona picha ya kiumbe mwenye mdomo wa ndege na nywele ndefu. Ni nani? (Muuguzi, Nairobi)

Ni Amabie. Karatasi ya habari ya mwaka 1846 inasema alitokea baharini Higo, Kumamoto ya leo, akatabiri miaka sita ya mavuno mema pamoja na maradhi, akaagiza watu waonyeshwe picha yake. Mwaka 2020 Wajapani walimchora kila mahali, na Wizara ya Afya yao ikamtumia kwenye bango la kuzuia maambukizi.

Mimi mvuvi, Kilwa. Nguva wanaye? Na wafu wa baharini je, huwarudia wavuvi?

Mzee wangu, nguva wao huitwa ningyo, yaani mtu-samaki. Ngano mashuhuri ni ya msichana aliyekula nyama yake bila kujua, asizeeke tena. Alizika waume na jamaa zake, akawa mtawa, akazunguka nchi akipanda miti, na alipofika miaka 800 akaingia pangoni huko Obama, mkoa wa Fukui, asile tena mpaka akafa.

Wafu wa baharini ni funayurei, waliozama na vyombo vyao. Hukisogelea chombo usiku na kuomba kata ya kutekea maji. Ukiwapa kata nzima, watakujazia maji mpaka uzame. Ukiwanyima, watakasirika. Kwa hiyo wavuvi walibeba kata iliyotolewa kitako, wakawapa hiyo, na wale wafu wakateka na kuteka, maji yakimwagika baharini, mpaka chombo kikapita.