Barua kwa Mwanangu: Fizi Zisizotoa Damu

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza alfajiri nikiwasha moto. Ulikuwa kwenye foleni ya Tunduma, nikasikia malori yakinguruma nyuma yako. Ukaniuliza: "Mama, wewe ulikuwa mtu wa meno. Mbona kinywa kinanikauka mpaka ulimi unanata? Na hii habari ya sigara kuharibu fizi ni kweli au vitisho? Mbona zangu hazitoi damu hata kidogo, na utingo wangu asiyevuta kila akipiga mswaki anatema mate mekundu?" Kabla hujamaliza nikasikia kiberiti. Basi nikajua kumbe jambo lenyewe si la jana.

Sitakuhubiria. Ada yako ya sekondari ilitoka kwenye bani la kukaushia tumbaku, na mabati ya nyumba hii ni ya tumbaku ya Urambo. Mshahara wangu wa kliniki ulikuwa wa chumvi na sabuni. Mtu aliyesomesha watoto kwa tumbaku hana mimbari ya kupanda. Ila umeniuliza kazi yangu, na kazi yangu naijua.

Nianze na mate, maana watu huyadharau. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Hiyo chupa kubwa ya maji unayoibana pembeni ya kiti inaweza kujaa. Yanatoka kwenye jozi tatu za tezi kubwa: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Kuna na vijitezi mamia vilivyotapakaa kwenye midomo, mashavu na kaakaa. Ukisimama mahali, jitazame kwenye kioo cha pembeni, inua ulimi, halafu fikiria embe bichi lililochanjwa likatiwa chumvi na pilipili. Utayaona yakichomoza pale chini kama maji ya kisima kipya. Karibu yote ni maji, lakini yamebeba madini ya kukarabati meno, vitu vya kupoza asidi, na kinga za kupigana na vijidudu. Kila ukila kitu cha sukari, vijidudu vya mdomoni huigeuza asidi na jino huanza kupoteza madini. Mate ndiyo yanayokuja kuzima ule moto, na huchukua nusu saa, hata zaidi, mpaka yaumalize.

Sasa sigara. Anayeanza kuvuta mate humjaa, ndiyo maana vijana wanaojifunza hutema-tema ovyo. Miaka ikipita, kwa wengi mambo hugeuka: mate hupungua, yanakuwa mazito, na hata yaliyobaki nguvu zake za kupoza asidi na kupambana na vijidudu si zile. Si kila mvutaji hukauka sawasawa, wapo wanaozeeka na mate yao. Wewe umeongeza yako: kahawa usiku kucha, vile vinywaji vya kuongeza nguvu, na maji kidogo ili usisimame njiani kukojoa. Halafu ukilala, tezi nazo hulala. Hiyo ni kwa kila binadamu, ila anayelala na kinywa kikavu tayari huamka ulimi umegandia kaakaa.

Pipi za mnanaa unazomung'unya kuficha harufu ndizo zinazoniudhi kuliko sigara yenyewe. Sukari saa nzima kwenye mdomo usio na mate! Kama lazima utafune kitu, tafuna bigijii isiyo na sukari. Kule kutafuna kunaamsha tezi.

Chukua tochi ya simu, fungua mdomo, angalia juu kwenye kaakaa. Likiwa limepauka kama lililopakwa ugali mwembamba, na juu yake vidoa vyekundu kama vichwa vya pini, usishtuke sana. Vidoa hivyo ni milango ya vile vijitezi vya mate, imevimba kwa joto la moshi. Mara nyingi hali hiyo hupona wiki chache baada ya kuacha. Linalonitisha ni doa jeupe lisilofutika, au jekundu, au kidonda kinachopita wiki mbili bila kupona, hasa ubavuni mwa ulimi na chini yake. Tumbaku huleta saratani ya kinywa, na ikiungana na pombe hatari inazidi. Ukiona kitu hicho usinitumie picha, nenda kliniki.

Nakuja kwenye fizi, nilikotaka kufika tangu nianze kuandika.

Meno ya bandia ya baba yako unayajua, usichojua ni yalivyoanza. Tulikuwa tumekaa uani tunakula mahindi ya kuchemsha. Akang'ata, akalitazama gunzi, akanyamaza. Jino la chini la mbele lilikuwa limesimama mle kwenye mahindi, refu, limezungukwa na ugaga mweusi, ule uchafu unaoganda kwenye meno, mpaka kwenye mzizi. Akapitisha kidole mdomoni, akanionyesha. Akacheka: "Tazama, hata damu hakuna!" Alijisifu, mwanangu. Na mimi niliyekuwa nachungulia vinywa vya watu thelathini kwa siku sikuwahi hata mara moja kumwambia mume wangu afungue mdomo.

Nikotini hubana vijishipa vya damu kwenye fizi. Fizi ya asiyevuta ikishambuliwa na vijidudu huvimba, huwa nyekundu, huvuja damu. Ndiyo kelele yake. Utingo wako anasikia kelele hiyo, na mwambie nimesema akakwanguliwe ugaga badala ya kuacha kupiga mswaki. Fizi ya mvutaji inashambuliwa vilevile, tena zaidi, kwa sababu hatari ya ugonjwa wa fizi kwake ni kama mara mbili ya asiyevuta, lakini imezibwa mdomo. Inabaki ngumu, imepauka, inaonekana nzima. Umeshaona nguzo ya uzio iliyoliwa na mchwa? Juu imesimama vizuri, mpaka siku mbuzi anapojikuna. Ndivyo mfupa unavyoliwa chini ya jino. Baba yako alipoteza manne kwa miaka miwili.

Kwa hiyo hizo fizi zako zisizotoa damu hazinipi raha. Nenda kliniki yoyote ya meno, mwambie daktari unavuta, usimfiche, apime kina cha mifuko kati ya fizi na jino na akwangue ugaga. Piga mswaki mara mbili kwa dawa yenye floridi, na ya usiku usiisukutue kwa maji mengi, tema tu ukalale. Ikitokea unang'olewa jino, usivute siku zile za mwanzo, maana shimo hukauka na maumivu yake si ya kusimulia.

Kuacha utaamua mwenyewe. Ila nikuambie lililompata baba yako, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Aliwahi kuacha, Kwaresima moja, akafikisha wiki ya tano. Mimi nilikuwa semina Tabora mjini. Asubuhi moja akapiga mswaki, mate yakatoka mekundu. Kesho yake tena. Akasema sigara ndiyo iliyokuwa inamshikia meno, na dawa ya damu ni kuwasha moja. Niliporudi alikuwa ameshamaliza pakiti. Nilikuwa najua kwamba mvutaji akiacha damu hurudi kwenye fizi na zile zilizokuwa bubu huanza kuvuja kwa muda, na sikuwa nimemwambia. Alivuta miaka sita mingine.

Basi ukiacha, hata kama ni kujaribu tu, na siku moja ukaona mate mekundu kwenye sinki la gesti, uko Makambako, uko Mbeya, usitafute kiberiti. Nipigie. Hata saa nane za usiku, simu naiweka chini ya mto.

Baba yako anakusalimu.

Mama