Prado au Noah kwa familia ya watu saba, Tanga?

SWALI: Asalaam aleykum fundi. Tunakaa Chumbageni: mimi, mume wangu, watoto wanne na mama mkwe mwenye miaka 71. Kila siku ni shule na kazini, Jumamosi tunakwenda Ngamiani sokoni, na mara moja kwa mwezi tunapanda Amani kwa wazazi wangu. Mume wangu anataka Prado ya dizeli ya mwaka 2006, anasema ndiyo gari la familia. Mimi naona Noah inatosha. Tushike lipi?

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Shemeji ana hoja. Prado ya umbo hilo, lililoanza 2002 na kuishia 2009, ina chesisi yake (fremu ya chuma ya chini) na bodi imefungwa juu kwa bolti, na tumbo lake liko kama sentimita 22 kutoka chini. Noah iko kama 16, na ikipakia watu saba inalala zaidi. Kutoka Muheza kwenda Amani wakati wa masika, hizo sentimita sita ndizo zinazoamua ufike au ushuke usukume. Tena Prado ukitaka kuiuza wanunuzi hawakosekani. Heshima ya kushuka nayo harusini tuiweke kando.

Ila muulize nani atakaa siti ya tatu. Sakafu ya kule nyuma iko juu, magoti yanakaribia kidevu, na siti zile zikifunguliwa buti inabaki na nafasi ya mifuko michache tu. Gunia la mkaa na ndizi za Amani zitapanda kwenye keria. Mama mkwe naye itabidi apande kwa kushika mshikio na kunyanyua mguu juu, kila siku. Noah ina mlango wa kuvuta pembeni na sakafu ya chini, anaingia bila kushikwa mkono.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni hiyo dizeli. Injini yake, 1KD ya lita 3.0, ni nzuri kwa safari ndefu. Mizunguko yenu ya mjini ni mifupi, injini inazimwa kabla haijapata moto wa kutosha, na masizi yanajaa kwenye EGR (vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) na njia ya hewa. Ugonjwa wake mkubwa uko kwenye nozeli, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini. Chini ya kila nozeli kuna washa, yaani pete ndogo, ya shaba. Ikichoka, gesi ya moto inapenya hadi juu ya injini, masizi yanachanganyika na oili, yanageuka makaa madogo yanayoziba chujio la ndani ya sampo, karai la oili chini ya injini. Oili haipandi, na injini inakufa bila kuaga. Mkinunua, ifikeni asubuhi ikiwa ya baridi kabisa. Fungueni kifuniko cha oili, mpitishe kitambaa cheupe ndani yake: mkikuta chembe nyeusi ngumu, ondokeni. Iwasheni, ikigonga kwa nguvu na kutoa moshi mweupe unaoendelea, nozeli zina shida. Ulizeni pia mkanda wa taimingi, unabadilishwa kila kilomita 100,000.

Shemeji aking'ang'ania Prado, basi achukue ya petroli ya lita 2.7. Haina mbio na mjini itawapa kama kilomita 6 au 7 kwa lita, lakini inatumia cheni badala ya mkanda na haina nozeli za kuogopa. Tairi zake, 265/65R17, bei yake si ya 195/65R15 za Noah, jiandaeni.

Lolote mtakalochukua, kagueni kutu. Hewa ya bahari ya Tanga inakula chuma, na magari mengine yanatoka maeneo ya Japani yenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi. Liingizeni kwenye shimo la gereji, mchukue tochi na nyundo ndogo, mgonge chesisi mbele ya tairi za nyuma, pale mikono ya saspensheni inapofungwa. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu na magamba yanadondoka. Rangi nyeusi mpya chini ya gari la zamani inaficha kitu, ikwangueni.

Kwa matumizi yenu mimi ningechukua Noah, ile ya foo wili ikipatikana, na mwezi wa Aprili na Mei kwenda Amani mpande basi. Giaboksi yake ikiwa ya CVT (otomatiki isiyo na gia za kuhesabu), mwekeeni oili ya CVT iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, na fundi akiwaambia ATF, oili ya otomatiki ya kawaida, ni ile ile, mhame. Lakini kama safari za Amani zitakuwa kila wiki, mvua na jua, nitakuwa upande wa shemeji, kwa ile Prado ya petroli.