Bolti au stadi kwenye Subaru ya tabo

Mkuu, umeuliza kama ubadili bolti za silinda hedi (kifuniko cha silinda) uweke stadi, yaani vyuma vyenye nyuzi ncha zote mbili vinavyokazwa kwa nati, kwenye injini ya EJ20 ya Forester yako. Kama tabo inabaki na presha ya kiwandani, weka bolti mpya, inatosha. Ukitaka kuongeza presha, hapo stadi zina maana: unazungusha nati tu, stadi haisokoteki sana, hedi inabanwa sawasawa. Kwanza hedi zipimwe kama zimepinda. Safisha nyuzi za bloki, ingiza stadi zote 12 kwa mkono, paka grisi iliyokuja nazo, na ukaze kwa kipimo cha aliyezitengeneza, si cha Subaru. Ila jiandae: siku ukitaka kufungua hedi tena utatoa injini nzima, maana hedi itagota kwenye chesisi kabla haijavuka stadi.