Kundi letu la hisabati limepoa, tufanyeje?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mwaka jana mimi na walimu wenzangu watatu tulianzisha kundi la hisabati mtandaoni kwa wanafunzi wa sekondari. Wanachama sasa ni zaidi ya 400. Mwanzoni maswali yalimiminika, na kila swali tulilijibu ndani ya dakika tano. Siku hizi tunaongea sisi wanne tu. Tumekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Hizo dakika tano ndizo zilizowanyamazisha. Nasema hivyo kwa sababu nimesimamia kundi kama lenu miaka sita, na miwili ya mwanzo nilifanya vivyo hivyo. Mtoto akiuliza, namshushia suluhisho zima, mstari kwa mstari. Anasema asante, anaondoka. Na wale waliokuwa bado wanakuna vichwa wanaweka kalamu chini, maana swali limeshaisha.

Kilichonifumbua macho ni 1/2 + 1/3. Binti mmoja aliandika 2/5: alijumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Nilikuwa nimeshaanza kumwandikia habari za asili ya pamoja (namba moja ya chini kwa sehemu zote mbili), nikaitwa, nikaacha. Niliporudi nikakuta kijana mwenzake amemuuliza, "Kwa njia hiyohiyo, nusu na nusu ni ngapi?" Akajibu 2/4. Dakika chache kimya. Kisha: "Lakini 2/4 ni nusu! Nusu mbili zitakuwaje nusu?" Hapo wakaingia wengine. Mmoja akachora mstatili wa vyumba sita, akatia rangi vitatu, halafu viwili, akatuma picha ya daftari lake. Wakafika 5/6 wenyewe. Ningemaliza maelezo yangu, mazungumzo yale yasingekuwepo.

Tangu siku ile, kwetu mwalimu hajibu swali kabla ya saa moja kupita, na akijibu anaanza kwa kuuliza, "Umefika wapi?" Aulize kwa upole, kwani swali hilohilo likiulizwa kwa ukali mtoto atahisi anahojiwa. Neno "rahisi" nimelipiga marufuku kabisa. Mtu aliyekesha na mlinganyo, akiambiwa "mbona ni rahisi", harudi tena, na wengine kumi waliosoma kimyakimya hawatathubutu kuuliza. Usihangaike na uandishi wa alama za hisabati. Picha ya daftari inatosha.

Hata mabingwa wanahitaji ruhusa ya kukosea. Mwaka 2009 Timothy Gowers, mwanahisabati Mwingereza mwenye medali ya Fields, mojawapo ya tuzo kubwa kabisa za hisabati, alimwalika yeyote anayetaka washirikiane mtandaoni kutafuta uthibitisho mpya wa nadharia moja ngumu ya hisabati, toleo la msongamano la nadharia ya Hales na Jewett. Katika kanuni zake alieleza wazi kwamba wazo lisilokamilika, hata lenye kosa, linaruhusiwa. Haikufika miezi miwili wakaupata. Kama watu wa kiwango hicho waliwekewa kanuni ya namna hiyo, sembuse mtoto wa kidato cha kwanza?

Wiki hii wekeni swali moja lenye njia nyingi, tuseme jumla ya namba kuanzia 1 hadi 100. Liwekeni jioni, kisha ninyi wanne mnyamaze mpaka kesho yake. Atakayejibu wa kwanza, awe amepata au amekosa, mwombeni awaonyeshe alivyofika hapo.