Re: Maranda ya mtiki yanaweza kusindika ngozi?

Ndugu yangu wa Muheza, kwa hiyo una magunia ya maranda ya mtiki na unataka kuyatoa tanini (dawa ya asili ya miti inayosindika ngozi) usindikie ngozi za mbuzi. Kwa miti mingi, tanini hukaa zaidi kwenye magome, kwa hiyo maranda huenda yana kidogo tu. Pima kwanza: loweka maranda kidogo kwenye maji moto, chuja, tumbukiza msumari wenye kutu. Maji yakigeuka meusi ya kibuluu, tanini ipo. Chuma hugeuza tanini nyeusi, ndiyo maana sufuria ya chuma haifai kabisa kwa kazi hii.

Magome ya mikoko yanayo tele, ila usiyabandue bila kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), utajitafutia kesi bure. Afadhali magome ya miwati (aina ya akasia).

Na kama kuna mvule kwenye maranda yako, vaa barakoa. Vumbi lake linawasha na kubana kifua. Ukianza kuhema kwa shida, wahi hospitali.