Maneno ya Kwenye Boksi la Televisheni

SWALI: Salaam, Mhariri. Natafuta televisheni ya inchi 43 madukani Kampala. Mbili zimeandikwa 4K, lakini moja bei yake iko chini mno. Muuzaji anasema hazina tofauti. Ni kweli? – Msomaji, Mukono

JIBU: Usikubali mpaka usome tarakimu, ndugu msomaji. 4K ya kweli ni kioo chenye pikseli, yaani vitone vya rangi, 3840 kwa upana na 2160 kwa kimo: jumla milioni 8.3 hivi. Full HD ni 1920 kwa 1080, robo tu ya hizo. Boksi likisema televisheni "inapokea" 4K, huenda maana yake ni kwamba inasoma filamu ya 4K kwenye flashi, halafu inaipunguza ienee kwenye kioo cha Full HD, au hata cha 1366 kwa 768. Tafuta mstari unaotaja pikseli za kioo chenyewe. Usipouona, usitoe pesa.

Fikiria pia utatazama nini. Dekoda iliyounganishwa kwa nyaya tatu, njano, nyekundu na nyeupe, haitoi picha ya zaidi ya mistari 576, hata televisheni iwe ya thamani gani, kwa sababu waya wa njano ndio unaobeba picha na uwezo wake unaishia hapo. Kama dekoda ina tundu la HDMI, tumia hilo, kisha ingia kwenye menyu yake uchague 1080. Filamu ya 4K ya intaneti nayo hula takriban GB 7 kwa saa. Kwa bando la simu, piga hesabu mapema. Na ukikaa mita 3 kutoka kioo cha inchi 43, jicho la kawaida ni vigumu kutenganisha 4K na Full HD. Sisi tungechukua Full HD ya kweli kuliko 4K ya jina.

SWALI: LED, QLED na OLED zinatofautianaje? Na HDR? – Msomaji, Jinja

JIBU: LED na QLED ni ukoo mmoja: kioo cha LCD kisichotoa mwanga, na taa ndogo za LED za kukiangaza. QLED huongezewa utando wa chembe ndogo mno zinazosafisha rangi nyekundu na kijani. Katika OLED kila pikseli huwaka na kuzima yenyewe, ndiyo maana weusi wake ni weusi hasa. Lakini nembo ya stesheni ikikaa pale pale saa nyingi kila siku, yaweza kuacha alama isiyofutika. Kwa mkahawa unaofungulia habari kutwa, haifai.

HDR ni picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya sehemu angavu na za giza, hivyo huhitaji mwangaza mwingi. Kioo cha niti (kipimo cha mwangaza wa kioo) 250 au 300 hupokea HDR, lakini hakina nguvu ya kuionyesha, na mara nyingine picha hufifia zaidi.

SWALI: Sauti ipo, kioo kimekuwa cheusi. – Msomaji, Mbale

JIBU: Giza likiingia, iwashe, kisha mulika kioo kwa tochi, karibu na kwa mshazari. Ukiona picha kwa mbali, kioo ni kizima. Taa za nyuma ndizo zilizokufa. Zimeungwa kwa mfululizo, hivyo moja ikiungua hukatia umeme wenzake. Mwambie fundi abadilishe seti nzima, kwani zilizobaki zimechoka vilevile, kisha ushushe mwangaza wa taa hizo hadi 60 au 70. Kwenye 100 joto huziua mapema. Usiifungue mwenyewe: kapasita, yaani vifaa vinavyohifadhi umeme, za bodi ya umeme hubaki na chaji hata plagi ikishachomolewa.