Tofauti ikishuka kwenye hesabu, ubaguzi nao umeshuka?

SWALI: Ninasoma shahada ya pili ya uchumi. Takwimu rasmi za England na Wales za mwanzo wa janga, mwaka 2020, zilionyesha kwamba kwa watu wa umri sawa, uwezekano wa mwanamume mweusi kufa kwa UVIKO-19 ulikuwa mara 4.2 ya ule wa mwanamume mzungu. Watakwimu walipozingatia pia hali ya maisha, makazi na afya, tofauti hiyo ikashuka hadi mara 1.9. Mwenzangu anasema sehemu iliyoshuka haihusiani na ubaguzi, tujadili 1.9 peke yake. Yuko sahihi?

JIBU: Hapana, ndugu yangu, na kosa hilo lina madhara makubwa, kwa sababu watunga sera hulitumia kufunga mjadala.

Unapoingiza kigezo, kama umri au kazi, kwenye modeli (hesabu ya kitakwimu), unalinganisha watu wanaofanana kwa kigezo hicho. Umri hauna shida. Hakuna anayepewa umri kwa kubaguliwa, na usipousawazisha utapotoka, kwani jamii za wachache mara nyingi zina vijana wengi na vifo vyao vitaonekana vichache kuliko uhalisia.

Kazi na makazi ni habari nyingine kabisa. Dereva wa basi hakuweza kufanyia kazi nyumbani. Je, alifikaje kwenye usukani? Mwaka 2004 Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha jaribio lao la Boston na Chicago: walituma kwa waajiri wasifu wa kubuni wenye sifa zinazolingana, wakibadilisha majina tu. Majina yanayosikika ya kizungu yalihitaji maombi kama 10 kupata mwito mmoja, yale yanayosikika ya watu weusi kama 15. Ni Marekani, si Uingereza, lakini utaratibu wenyewe ndio ninaotaka uuone: ubaguzi unaweza kuanza kwenye ajira na kumfikia mtu akiwa kwenye kitanda cha hospitali. Ukikisawazisha kigezo cha kazi, umeifunga njia hiyo. Huwezi tena kusema hakuna aliyepita.

Na hiyo 1.9 nayo isiitwe ubaguzi moja kwa moja. Taarifa za kaya zilitoka kwenye sensa ya 2011, na katika miaka tisa watu huhama na kubadili kazi. Kigezo kilichopimwa vibaya huacha mabaki: sehemu ya tofauti hubaki ingawa kigezo chenyewe kimeingizwa.

Halafu kuna madhara yasiyo na nia mbaya ya mtu yeyote. Desemba 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni kilishindwa kutambua upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa wazungu. Muuguzi alisoma namba kwa uaminifu, na mgonjwa akaonekana hana shida. Binafsi ugunduzi huo ulinishtua kuliko modeli yoyote.

Kwa tasnifu yako, toa namba zote mbili na useme kila moja inajibu swali gani. Ya umri pekee inaeleza ukubwa wa pengo lote. Zinazofuata, baada ya kuongeza vigezo vingine, zinaonyesha limepitia wapi, na hapo ndipo sera hutofautiana: hatari iliyopitia kazini inadai vifaa vya kinga na likizo ya ugonjwa yenye malipo, wakati iliyotokea wodini inadai kukagua matibabu na vipimo. Ingiza vigezo kimoja kimoja, lakini kumbuka kwamba mpangilio wa kuviingiza hubadilisha mgawanyo wa pengo kati ya vigezo. Jaribu zaidi ya mmoja, uyachapishe matokeo yote.